Mtu Aliyetoka Uvunguni mwa Gari la Wakili

Kila Jumamosi asubuhi, tangu chumvi ya kwanza ya kuyeyushia barafu inapomwagwa barabarani hadi theluji ya mwisho inapoyeyuka, Wakili Normand Desrochers alipeleka gari lake kwa Lucette Bolduc likaoshwe uvungu. Juu hakujali sana. Juu, alisema, hata mpumbavu huosha. Kinacholimaliza gari ni kile mwenyewe asichokiona: chumvi iliyojibanza kwenye maungio ya chesisi, kwenye mabomba ya breki, nyuma ya madigadi, imekaa kimya inatafuna chuma, mpaka siku moja unakanyaga breki na breki haipo. Haya alikuwa amemweleza kila mtu pale Sainte-Ludivine, mji mdogo wenye kanisa moja, kiwanda kimoja cha mbao na wakili mmoja wa mikataba na mirathi, naye ndiye alikuwa huyo mmoja. Watu walimsikiliza kwa sababu hati za nyumba zao zilikuwa kabatini mwake.

Lucette alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana, aliyerithi kwa baba yake gereji pamoja na kikohozi. Alikuwa na shimo la simenti ambalo gari huegeshwa juu yake, na mpira wa maji ya moto wenye presha ya kubandua rangi ya mlango. Jumamosi hiyo ya Februari alishuka shimoni kama kawaida, akafungua maji, na chumvi ikaanza kuporomoka kwa mabonge ya kijivu. Wakili alisimama ukingoni ndani ya koti lake la manyoya, akielekeza kwa kidole.

"Nyuma ya gurudumu la kulia, Lucette. Hapo hapo. Usibanie maji."

"Wakili, mimi nilizaliwa na mpira huu mkononi. Niache nifanye kazi."

Baada ya chumvi ikaanguka kofia ya sufi. Kisha glavu, kisha kifungo cha koti, kisha buti moja. Lucette aliviweka ukingoni mwa shimo kimoja kimoja, kama anavyoweka vitu ambavyo wateja husahau chini ya viti. Akaelekeza maji kwenye ekseli ya nyuma, akakaza mkono, na hapo akachomoka Euclide Tanguay mzima mzima, akatua shimoni kwa miguu, amelowa chapachapa, chumvi imemganda masharubuni.

Euclide alikuwa amekufa mwezi wa Januari. Jeneza lake lilikuwa kwenye kibanda cha mawe kule makaburini, pamoja na ya wengine waliokufa majira hayo ya baridi, likisubiri ardhi iliyoganda ilainike ndipo achimbiwe kaburi.

"Leo siku gani?" aliuliza.

"Jumamosi," alisema Lucette. "Panda ngazi polepole, mzee. Kuna sabuni."

Wakili alitazama saa yake. Kilichomkera ni kwamba kazi ilikuwa imekatizwa katikati.

"Upande wa kushoto umeshamaliza?" alimuuliza Lucette.

Kuhusu Januari, mambo yalikuwa hivi. Jioni moja Wakili alikuwa akirudi kutoka kwenye chakula cha kamati ya tamasha la majira ya baridi, ambayo mwenyekiti wake ni yeye. Alikuwa amekunywa ile pombe ya tamasha, mvinyo mwekundu uliotiwa pombe kali, glasi ambazo hakuzihesabu, kwa kuwa mwenyekiti hahesabiwi glasi. Kwenye barabara ya kiwandani gari liligonga kitu, likadunda. Wakili aliamua kwamba ni bonge la barafu. "Aliamua" ndilo neno lenyewe. Alipunguza mwendo, akatazama kioo, akaona kitu chenye mikono ya koti, akakifikiria kina cha theluji na viatu vyake vya ngozi, kisha akaamua. Asubuhi dereva wa greda la theluji alimkuta Euclide ndani ya tuta la theluji. Sajini Yvon Pelchat, ambaye jioni ile naye alikuwa kwenye chakula hicho hicho, alifika, akanusa hewa, akaandika kuwa mzee alilewa, akaanguka, akaganda. Daktari alitia saini bila kufunua shuka.

Na kweli Euclide alikuwa mlevi wa kutajika enzi zake za kiwandani. Kisha akaacha. Aliacha kabisa, na miaka yote ya mwisho alikuwa akinywa chai na kutembea kila jioni baada ya chakula kwa ajili ya goti lake. Miaka hiyo haikumsaidia kitu. Pale Sainte-Ludivine mtu akishaitwa mlevi, hata radi ikimpiga watasema alikuwa anayumba.

Lucette alimpa taulo, akamkalisha kwenye chumba cha kusubiria, akamtilia kahawa. Wateja wengine walisogea kwenye benchi wampishe. Mmoja alimuuliza kama kule makaburini kuna baridi, Euclide akasema ipo, ila upepo hakuna. Wakili alipoingia kulipia, mzee aliinuka kwa heshima.

"Wakili, sina ugomvi na wewe. Barabara ilikuwa giza, na mimi nilikuwa na koti jeusi. Nina ombi moja tu. Mwambie Rolande sikuwa nimelewa."

"Kwa nini usimwambie mwenyewe? Si mkeo?"

"Nitamwambia. Lakini ameishi na mimi, Wakili. Huko nyuma nilimwapia mara ngapi kwamba sijagusa chupa, na chupa iko mfukoni? Neno langu nililitumia likaisha. Lako hata benki inaliamini."

"Siwezi kushuhudia jambo ambalo sikuliona."

"Uliliona."

"Niliona bonge la barafu," alisema Wakili, kwa sauti ile ile anayosomea wosia.

Hakuna aliyeinua macho. Mtu alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. Bahati nzuri, Sajini Pelchat alikuwa hapo hapo, anasubiri zamu ya gari lake, na Wakili alimwita alishughulikie suala hilo kisheria. Sajini alivaa kofia yake.

"Mzee Euclide, una kitambulisho?"

"Kimebaki kwenye jeneza."

"Unaona? Siwezi kupokea malalamiko ya mtu ambaye cheti chake cha kifo ninacho mezani."

"Sijalalamika, Yvon. Nimeomba tu."

"Wakili, umemsikia? Hajalalamika." Akaivua kofia tena. "Basi, hakuna kesi."

Kisha Sajini akakumbuka ana kazi ofisini, akaliondoa gari lake kwenye foleni bila kuliosha, ingawa zamu iliyofuata ilikuwa yake.

Euclide alikwenda nyumbani kwa miguu, buti mguu mmoja, mguu mwingine amefungwa mfuko wa plastiki. Yaliyotokea huko Wakili aliyasikia kwa Lucette Jumamosi iliyofuata, bila kuuliza. Rolande alifungua mlango, akamtazama mumewe kutoka juu hadi chini, akamwambia avue buti asichafue sakafu, akampa supu ya njegere. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Walevi wote husema hivyo," akaenda kulala. Euclide alilala kwenye kiti chake karibu na jiko. Asubuhi ya Jumapili hakuwepo, ila kitini palikuwa na umajimaji, na juu ya sakafu duara jeupe la chumvi ambalo Rolande alilifuta kwa siki.

"Na leo?" aliuliza Wakili.

"Leo ngoja tuone," alisema Lucette, akashuka shimoni. Euclide akatoka kwenye ekseli ile ile, safari hii na buti zote mbili.

Wakili alitaka maelezo ya kiufundi. Lucette alifunga maji, akajipangusa uso kwa mkono wa ovaroli.

"Hawa wana tabia za chumvi, Wakili. Unamtoa leo, kesho umepita barabarani, amerudi kwenye maungio yale yale. Kule ndani ya chesisi kuna matundu ambayo mpira haufiki."

"Puliza ile dawa ya mafuta ya kuzuia kutu."

"Nikipuliza mafuta atateleza tu. Atatoka kichwa mbele, aumie."

"Hilo si tatizo la gari," alisema Wakili.

Kwa muda alifikiria kuacha kuosha uvungu. Wiki nzima alilifikiria, ofisini, mezani, kanisani wakati wa mahubiri. Upande mmoja kulikuwa na mzee wa watu anayedondoka kila Jumamosi na ombi lake. Upande wa pili kutu, ambayo ikishaingia haitoki. Akachagua mzee, akaendelea kuosha. Alijiona ana moyo wa chuma, na akamwambia mkewe Ghislaine hivyo. Ghislaine alimuuliza kama anataka viazi zaidi.

Alichokigundua mwezi huo ni kwamba foleni kwa Lucette haikuwa foleni tena. Wanaume ambao kwa miaka walikuwa wakimsikiliza habari za chesisi sasa walisimama mlangoni bila kuzima injini. "Juu tu, Lucette. Chini acha." Mwenye kiwanda cha mbao, juu tu. Daktari, juu tu. Mwenyekiti wa baraza la kanisa alikuja na gari limejaa matope hadi kwenye vitasa, akaomba lipitishwe kitambaa kwenye vioo. Sajini Pelchat hakuja kabisa. Aliosha nyumbani kwa ndoo na brashi, naye hakuinama hata mara moja. Hakuna aliyemuuliza mwenzake sababu. Waliongea juu ya mpira wa magongo wa kwenye barafu na bei ya kuni.

"Nilidhani mji huu una mtu mmoja tu aliyegonga bonge la barafu," Lucette alimwambia Wakili. "Kumbe tulikuwa na baridi kali sana miaka hii."

Wakili hakucheka. Aliwadharau wenzake kwa dhati. Watu wazima, wenye vyeo, wanaacha magari yao yaoze kwa sababu ya woga! Kufikia Machi yalikuwa yameshaanza kutoa mapele ya kahawia kwenye milango. Siku ya Jumapili ya Matawi, mbele ya kanisa, mguu wa Sajini Pelchat ulipita kwenye sakafu ya gari lake ukagusa lami. Aliuvuta, akautazama, akasema siku hizi watu wanaunda magari kwa makopo ya samaki. Wote waliokuwa pale walikubaliana naye upesi, kila mmoja akikanyaga gari lake kwa vidole.

Habari za mguu huo, na za magari yasiyooshwa chini, ndizo zilizomfikia Rolande. Mpaka hapo alikuwa akimpokea mumewe kila Jumamosi, akimlisha, akimwambia avue buti, na kumnyima imani. Sasa akavaa koti kuukuu la Euclide, lililomfika chini ya magoti kwa kuwa alikuwa mwanamke mfupi, akatembea mpaka kwa Lucette. Alimkuta mumewe kwenye benchi, ndiyo kwanza ametoka, anakamua soksi. Kando yake walikaa wateja wa "juu tu". Wakili alikuwa kwenye mlango wa kuelekea shimoni.

"Wakili," alisema Rolande, "nina swali moja, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Mume wangu alikuwa amelewa?"

"Bibi Tanguay. Mimi na mke wangu tunakuombea kila Jumapili. Marehemu alikuwa mtu wa watu..."

Marehemu alihamia soksi ya pili.

"Ndiyo au hapana."

"...na kuhusu hali yake jioni ile, kuna taarifa rasmi, ambayo mimi kwa nafasi yangu..."

"Wewe ulimwona?"

Wakili aligeuka. "Lucette, mbona umefunga maji? Upande wa kushoto bado."

Maji hayakufunguliwa. Rolande aliwatazama wanaume waliopangana ukutani, kila mmoja amezama kwenye kikombe chake. Akatazama nje, kwenye magari yao yanayochuruzika kahawia. Alikuwa ameishi na mwongo miaka mingi, na uso wa mwongo aliujua kama alivyozijua sufuria zake. Aliutafuta kwa Euclide, asiukute. Wengine wote walikuwa nao.

"Vaa viatu," alimwambia mumewe. "Nilikuonea."

"Hukunionea. Ulinizoea."

"Nimesema nilikuonea, usinibishie."

Wakatoka wameshikana mikono, kwa sababu ya barafu. Wakili alishusha pumzi. Baadaye, akiwa barabarani, alijikuta ameudhika kidogo kwamba yule mama hakuaga.

Rolande alikwenda kwa Sajini Pelchat kutaka neno "amelewa" lifutwe. Sajini alimpa kiti. Alimweleza kwamba neno likishaandikwa halifutwi hivi hivi, kuna utaratibu. Anahitajika mtu mzito, mwenye jina, atoe kauli kwamba mambo hayakuwa hivyo. Rolande akauliza mtu wa aina gani. "Kama vile Wakili Desrochers," alisema Sajini, na hakuwa anatania.

Mwezi wa Mei ardhi ililainika, wakayatoa majeneza kwenye kibanda cha mawe na kuyazika. Chumvi ilikuwa imeshaoshwa na mvua, na Euclide alikuwa haji tena. Kasisi alihubiri juu ya kaburi lake kuhusu pombe. Alisema ni adui anayengoja nyuma ya mlango hata wa nyumba njema. Alisema tusimhukumu ndugu yetu, kisha akamhukumu kwa muda mrefu. Wakili, mstari wa mbele, alikuwa akitikisa kichwa kwa masikitiko. Rolande alifunga vifungo vya koti akaondoka kabla ya amina, na watu wakaambizana kuwa huzuni imemchanganya.

Vuli ilipofika Wakili aligombea umeya bila mpinzani. Aliahidi jambo moja, na alilitimiza: chumvi zaidi barabarani, kwa usalama wa waenda kwa miguu. Mkutanoni walimpigia makofi mpaka vikombe vikalia mezani. Wengi walikuwa wamekuja na magari mapya.

Theluji ya kwanza ilianguka Novemba, mchana. Kutoka dirisha la ofisi yake Wakili alimwona Rolande kwenye geti lake, ng'ambo ya barabara, ameinua uso juu wakati mji mzima unalaani na kutafuta makoleo. Alisimama hapo mpaka kofia yake ikawa nyeupe. Lori la chumvi lilipopita, alimpungia dereva mkono. Dereva, ambaye hakuwa amewahi kupungiwa na mtu, akapiga honi.

Jumamosi Rolande alikuwa kwa Lucette kabla ya Wakili, na begi lenye nguo kavu, taulo na chupa ya supu. Euclide alitoka kwenye ekseli baada ya kumwagiwa maji kidogo tu. Alikuwa amekonda. Rolande alimkalisha kwenye benchi, akaanza kumkausha nywele kwa nguvu, kama anayesugua chungu, huku akimsimulia mambo ya majira yote ya joto: bomba la jikoni, ndoa ya binti wa dada yake, nyanya zilizokataa kuiva. Euclide alimuuliza nyanya alizifanyaje. Alizitia siki.

Mji ulikuwa umeshazoea. Zaidi ya kuzoea, ulikuwa umepata namna nzuri ya kulielezea jambo. Watu walisema Meya ni mtu wa ajabu: pamoja na kazi zote alizonazo, hakosi Jumamosi hata moja, kwa ajili ya yule mjane. Kwenye chakula cha kamati Januari iliyofuata, Sajini Pelchat aliinua glasi ya pombe ya tamasha kwa heshima ya mtu anayemrudishia mama wa watu mumewe kila wiki. Wote walisimama. Mwanzoni Wakili alipunga mkono kukanusha. Alipofika nyumbani, kwa gari, kwa barabara ya kiwandani, alikuwa ameshaona kwamba wana hoja.

Jumamosi iliyofuata alipomaliza kukagua uvungu kwa tochi na kuridhika kwamba hauna hata doa, aliingia kwenye chumba cha kusubiria akasimama mbele ya benchi. Rolande alikuwa amepiga magoti, anamfunga mumewe kamba za viatu, kwa sababu vidole vya Euclide vilikuwa havikunjiki vizuri siku za baridi kali.

"Usinishukuru, Bibi Tanguay," alisema Wakili kwa upole. "Mtu hufanya anachoweza."

Rolande alikaza fundo. Akaenda kwenye kiatu cha pili.

"Sogea," alisema. "Unatuzibia mwanga."

Wakili akasogea. Alimtakia Lucette mchana mwema, akapangusa soli za viatu vyake kwenye mkeka wa mlangoni, kwanza wa kulia kisha wa kushoto, asije akaingiza chumvi ndani ya gari, akaondoka.